Filamu Ambayo Peiru Hakuitazama

Katika shule ya Peiru, watu wote walipumzika baada ya chakula cha mchana. Mapazia yalivutwa, wanafunzi wakalaza vichwa juu ya madawati, na darasa zima likanyamaza. Lakini siku ya Ijumaa hakuna aliyepata hata lepe la usingizi, maana kengele ikilia tu, kilifuata kipindi cha filamu.

Mwalimu Zeng, aliyefundisha darasa la sita, alikuwa mpenzi mkubwa wa filamu. Kila Ijumaa aliwaruhusu wanafunzi wake kusogeza madawati ukutani na kukaa sakafuni kwa duara, wakaelezana filamu walizotazama siku za karibuni. Walibishana mpaka wakapandisha sauti. Boxun alipenda filamu za mizimu tu, na alidai kwamba filamu isiyokuwa na mzimu ni ya kulalia. Yahan alipenda filamu zenye wanyama, na mara nyingi alilia zaidi wakati wa kusimulia kuliko alivyolia wakati wa kutazama.

Aliyesikilizwa kuliko wote alikuwa Peiru. Msichana huyo alijua kupanga maneno. Alizungumzia rangi, muziki, na jinsi waigizaji walivyonyamaza mahali pa kunyamaza. Akisifia filamu fulani, Jumamosi ungewakuta wenzake wamejaa kwenye jumba la sinema lililo karibu na soko la mji wao, Puli. Akiiponda, hakuna aliyeigusa.

Jambo ambalo wenzake hawakulijua ni kwamba Peiru hakuwa na subira ya kutazama filamu. Nyumbani alizifungua kwenye simu ya mama yake, akaziendesha mbio, akaruka sehemu alizoona zinachosha. Nyingine hakuzifungua kabisa. Alitazama kile kionjo kifupi cha kuwavutia watu, akasoma maoni ya waliokwisha kuziona, akayachanganya maoni hayo mpaka yakafanana na yake. Hakuona kama anamdhuru mtu.

Ijumaa moja zamu ilimfikia Yahan, lakini badala ya kusimulia alikuwa na swali. Jumapili ilikuwa siku ya kuzaliwa ya babu yake, Mzee Qiu, ambaye kwa miaka mingi hakuwahi kukanyaga jumba la sinema. Yahan alitaka kumpeleka akaone filamu mpya iitwayo Mikate ya Mzee Gao, ila hakujua kama ingemfaa.

Peiru alikuwa ametazama kionjo chake na kusoma maoni machache asubuhi ile akipiga mswaki. Alikumbuka mwokaji mnene, mikate ya mvuke, na bata bukini mkorofi aliyemfukuza mleta barua hadi mtoni.

"Mpeleke," alisema bila kusita. "Nimeitazama mwenyewe. Inachekesha mwanzo hadi mwisho. Babu yako atacheka mpaka mbavu zimuume."

Jumatatu asubuhi, wakati wa usafi, Peiru alimkuta Yahan akifagia chini ya ngazi. Alimsalimia. Yahan hakuitika. Alimsalimia tena, ndipo Yahan akainua uso, na Peiru akaona macho yake yamevimba.

Yahan alieleza kwa sauti ya chini. Nusu ya kwanza ya filamu babu yake alicheka vizuri, hata akampa bisi jirani asiyemjua. Halafu, bila dalili yoyote, ardhi ikaanza kutetemeka mle kwenye filamu. Kuta zikaanguka, taa zikazimika, watu wakawa wanaitana gizani. Mzee Qiu aliinuka, akapita akikanyaga miguu ya watu, akatoka. Yahan alimkuta amekaa kando ya barabara, kiatu kimoja kimemvuka. Tangu hapo alikuwa amekula vijiko viwili vitatu tu vya uji.

Kama watu wengi wa Puli, Peiru alijua habari za tetemeko kubwa lililoubomoa mji kabla wao hawajazaliwa. Alijua pia kwamba bibi yake Yahan alifia humo, chini ya dari ya nyumba yake mwenyewe.

"Kinachoniuma ni kimoja," Yahan alisema. "Wewe uliitazama. Uliiona ile sehemu, na habari za bibi yangu unazijua. Bado ukaniambia nimpeleke."

Peiru alielewa kwamba Yahan alimwona katili. Angeweza kusema alisahau. Angeweza kusema aliposoma maoni ya watu hakuna aliyetaja tetemeko, na hilo lilikuwa kweli. Alishika ukingo wa ngazi.

"Sikuitazama," alisema.

"Hata kidogo?"

"Kionjo tu."

Yahan alimkazia macho. "Na zile nyingine zote?"

"Nyingi sikuzitazama. Nyingine niliziruka."

Yahan akachukua ufagio wake. "Basi njoo leo ukamwambie Babu wewe mwenyewe," alisema. "Mimi siwezi kukusemea."

Jioni hiyo Peiru alimkuta Mzee Qiu barazani akimenya machipukizi ya mianzi ya majini, mboga inayolimwa kwao. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, mwenye nyusi nene, na watoto wa mtaa walimwogopa kidogo. Peiru aliinamisha kichwa kwa heshima, akasema yote bila kupunguza. Alingoja kukaripiwa.

Mzee Qiu aliendelea kumenya. Mwishowe aliuliza, "Yule mwokaji alipona?"

"Sijui, Babu."

"Hata mimi sijui. Miguu ilinitoa nje kabla vumbi halijatulia. Sasa nikifumba macho namwona yule mtu amelala chini ya kifusi, na hakuna wa kuniambia kama alitolewa. Yahan naye alinifuata mimi, hakuona mwisho." Aliweka kisu chini. "Samahani yako nimeipokea. Lakini haitoshi. Nenda ukaitazame. Yote, hata pale utakapotamani kutoka. Kisha uje unisimulie."

Siku ya Jumatano masomo huisha mchana. Peiru alimwomba mama yake ampeleke sinema, na njiani akamweleza sababu. Walipoketi mama alichukua simu, akaizima, akaitia mkobani.

Mwanzoni Peiru aliteseka. Mwokaji aliukanda unga taratibu mno, na kidole cha Peiru kilitaka kuruka mbele. Lakini hapakuwa na kitu cha kubonyeza. Ikambidi aangalie. Baada ya muda aliona kwamba mwokaji alikuwa akihama kuelekea dirishani kila alipokanda, ili amwone mkewe akipita na ndoo. Hakuna aliyelisema jambo hilo. Lilikuwepo tu, kwa yeyote aliyetulia. Peiru alijiuliza ni mangapi ya namna hiyo aliyokuwa ameyaruka maishani mwake.

Kisha ardhi ikatetemeka. Ngurumo ilipita chini ya viti hadi ikamwingia kifuani. Skrini yote ikawa nyeusi, ukabaki mlio wa mtu mmoja anayepumua. Hakuna aliyesogea ukumbini. Peiru alitamani kutoka, akaushika mkono wa mama yake, akabaki.

Giza lilikaa sana. Halafu ukatokea mwanga mdogo kama punje ya mchele, ukapanuka, na mikono ya watu wengi ikaonekana ikiondoa matofali moja moja. Mwokaji alitolewa akiwa hai. Duka lake halikuwepo, tanuri lake halikuwepo, mkewe alikuwa amefungwa bandeji kichwani. Alikaa njiani kama mtu asiye na jina. Ndipo jirani akamletea gunia la unga lililopasuka, mwingine sufuria, mwingine mbao za mlango wake mwenyewe ziwe kuni.

Asubuhi iliyofuata, katikati ya vifusi, mwokaji alipika mikate. Alipofunua kifuniko, mvuke ulipanda. Ulipita juu ya watu waliojipanga kimya na mablanketi mabegani, ukapita mapaa yaliyolala chini, ukapanda hadi ukaungana na mawingu ya milimani. Kilele cha milima hiyo Peiru alikijua, maana alikiona kila siku kutoka dirisha la darasa. Alikuwa amekiangalia maisha yake yote, na leo ni kama amekiona mara ya kwanza. Mwili ulimsisimka. Taa zilipowashwa hakuweza kusimama, na mama yake hakumharakisha.

Walikwenda moja kwa moja kwa Mzee Qiu. Yahan alikuwepo. Peiru alisimulia polepole, bila kuazima neno la mtu. Aliposahau alisema amesahau. Alipofika kwenye giza, alisema wazi kwamba aliogopa. Alipofika kwenye mvuke, maneno yalimwishia, akabaki anainua mikono juu kuonyesha ulivyopanda.

Mzee Qiu alisikiliza huku amefumba macho.

"Nami nililetewa chakula," alisema baadaye. "Asubuhi ile. Bakuli la uji wa viazi vitamu, wa moto. Sikumwangalia aliyeniletea, nilikuwa natazama chini. Mpaka leo sijui alikuwa nani." Yahan aligeuka kumtazama babu yake. Hakuwahi kusikia habari hiyo. Kisha mzee aliuliza filamu hiyo itaonyeshwa mpaka lini.

Ijumaa, kwenye duara, Peiru aliwaambia wenzake ukweli. Boxun alisema kumbe yeye alikosa filamu tatu nzuri kwa sababu ya maneno ya Peiru, na baadhi yao walimnunia hadi mwisho wa kipindi. Mwalimu Zeng hakumtetea wala hakumpa adhabu. Aliomba tu kila mtu, kuanzia siku hiyo, aseme kwanza ameiona filamu yote au sehemu.

Jumapili alasiri Mzee Qiu aliingia sinema akiwa kati ya Peiru na Yahan. Ngurumo ilipoanza aliwashika wote wawili mikono kwa nguvu mpaka vidole vikauma. Hakutoka. Mvuke ulipopanda, Peiru hakutazama skrini. Alimtazama mzee, uso wake umeangazwa, mdomo wazi kidogo kama mtoto.

Nje, kwenye foleni ya tiketi, mama mmoja mwenye watoto wadogo alimuuliza Mzee Qiu kama filamu ni nzuri. Mzee alijifuta macho kwa kiganja, akamwonyesha Peiru kwa kidevu.

"Muulize huyu. Ameiona mara mbili."

Peiru alifikiri kwanza. "Ni nzuri sana," alisema. "Lakini katikati kuna tetemeko la ardhi, na linatisha kweli. Hawa wadogo wanaweza kulia. Kama una mtu nyumbani aliyepatwa na jambo hilo, mwambie kabla hajaja. Mkiingia, msitoke mpaka mwisho."

Yule mama alimshukuru, akawainamia watoto wake kuwaeleza. Mzee Qiu alianza kutembea, na wasichana wale wawili wakamfuata.

"Umeona," alisema bila kugeuka. "Mtu akikuuliza, anakupa imani yake, na kwa neno lako ataingia mahali asipopajua. Kwa hiyo sema ulichokiona. Kile usichokiona, sema hujakiona. Hakuna atakayekucheka kwa hilo, na akikucheka, mlete kwangu."