Fungo Nyuma ya Matairi

Rosina na mumewe Dastan waliishi Maguu, kwenye kilima chenye mashamba ya kahawa pande zote. Walikuwa na mtoto mmoja, Violet, ambaye alikuwa bado hajaanza shule. Rosina alishughulika na kahawa na maharage. Dastan alikuwa na pikapu kuukuu. Kila wiki alishuka nayo hadi Mbamba Bay kununua usipa, wale samaki wadogo wa Ziwa Nyasa wanaoanikwa juani. Akirudi aliwauza sokoni. Waliobaki aliwaacha kwenye magunia, humohumo katika banda la gari.

Banda hilo lilikuwa la mbao na bati. Ndani kulikuwa na matairi ya zamani, madebe matupu na makopo ya dawa ya kuua wadudu wa kahawa. Ubao mmoja wa nyuma ulikuwa umeoza chini na kuacha tundu. Hakuna aliyejali.

Asubuhi moja ya baridi, Rosina aliingia bandani kuchukua karai. Harufu kali ilimpiga puani, harufu asiyoijua. Gunia moja lilikuwa limechanwa. Usipa walikuwa wametapakaa chini. Pembeni kulikuwa na kinyesi kingi kilichojaa punje za kahawa.

"Hii si kazi ya panya," Rosina alijisemea.

Aliinama aanze kuokota usipa. Mara kitu kikanguruma nyuma ya matairi. Rosina akainua macho.

Mnyama alikuwa amesimama mbele yake, karibu kabisa. Hakuwa paka, wala hakuwa mbwa. Mwili wake ulikuwa na madoa meusi, na macho yake yalizungukwa na weusi kama mtu aliyejipaka masizi. Ghafla manyoya ya mgongoni yakasimama, kuanzia shingoni hadi mkiani. Akaonekana mkubwa maradufu.

Rosina alifungua mdomo apige kelele. Sauti haikutoka. Karai lilimponyoka likagonga sakafu kwa kishindo. Hapo ndipo miguu yake ilipokubali kukimbia.

Dastan alimkuta amekaa jikoni, anatetemeka.

"Mama Violet, una nini?"

"Bandani! Kuna mnyama bandani! Alikuwa hapa, Baba Violet, hapa mbele ya uso wangu!"

Alimweleza alivyomwona. Dastan alitikisa kichwa. "Huyo ni fungo. Basi ndiye anayenimalizia usipa wangu. Leo atanitambua."

"Utamfanyaje?"

"Niachie mimi."

Rosina alidhani mumewe angewaita vijana waje na fimbo. Hakuuliza zaidi.

Kesho yake asubuhi Rosina alikuwa anakoroga uji. Akamwita Violet. Kimya. Akaita tena. Kimya. Aliacha mwiko chunguni, akatoka nje.

Popi, mbwa wao, alikuwa amelala kando ya mlango wa banda. Miguu yake ilikuwa imekakamaa. Mdomo ulikuwa umejaa povu. Violet alikuwa amechuchumaa pembeni yake.

"Mama, Popi hataki kuamka," alisema.

Mkononi mwa mtoto kulikuwa na usipa mmoja.

Kabla Rosina hajasema neno, Dastan alitoka ndani mbiombio, shati halijafungwa vifungo. "Asile!" alipiga kelele. "Mnyang'anye huyo samaki! Asimle!"

Rosina alimpokonya mtoto samaki, akamtupa chini. Kisha akageuka, akamtazama mumewe.

"Kwa nini asile? Samaki huyu ana nini?"

Dastan alishindwa kumtazama. "Niliwatia usipa dawa ya kahawa. Niliwaweka nyuma ya matairi. Kumbe Popi amewaburuta nje."

"Dawa ya kahawa! Nyumbani kwetu? Na mtoto yupo?"

"Nilijua ni fungo tu atakayekula."

Rosina alimshika Violet mashavu. "Mwanangu, umekula?"

"Nimelamba," Violet alisema. "Mchungu."

Rosina alimnyanyua Violet, akambeba kifuani.

"Mpe maziwa!" Dastan alisema. "Au tumtapishe!"

"Hapana! Twende zahanati. Lete kopo la hiyo dawa. Watatuuliza ni dawa gani."

Alimvua Violet gauni, akamsafisha mikono na mdomo kwa sabuni na maji mengi, akamfunga kanga. Dastan aliwasha pikapu.

Zahanati, muuguzi Gertruda alichukua kopo na kusoma maandishi yake. Alimmulika Violet machoni, akamsikiliza kifua, akampa huduma ya kwanza.

"Mmempa kitu chochote kinywani?"

"Hapana," Rosina alijibu.

"Mmemtapisha?"

"Hapana."

"Vizuri sana. Sumu nyingine huunguza koo mara ya pili ikitoka, au huingia kwenye mapafu. Maziwa nayo si dawa ya sumu. Mmefanya jambo la maana kumwosha, kumleta haraka na kuja na kopo. Sasa abaki hapa tumwangalie."

Walikaa kwenye benchi, Rosina akihesabu pumzi za mtoto. Kila Violet alipokohoa, alimwinamia. Dastan alikaa kichwa chini, mikono katikati ya magoti.

Mchana Violet aliomba ugali. Rosina aliangua kilio, akashindwa kujizuia.

"Alilamba kidogo sana, ndiyo bahati yenu," Gertruda alisema. Kisha akamgeukia Dastan. "Baba, sumu haijui huyu ni fungo na huyu ni mtoto. Mnyama akiingia nyumbani, mwambieni mtendaji wa kijiji. Yeye atamwita afisa wanyamapori."

Jioni waliruhusiwa kurudi nyumbani, wakafanya hivyo. Siku iliyofuata afisa alifika kwa pikipiki. Alikuwa mwanamke, jina lake Jacqueline, amevaa buti ndefu.

"Habari za hapa?"

"Si nzuri sana, dada," Rosina alijibu. "Karibu."

Kwanza Jacqueline alivaa glavu. Aliokota usipa wote wenye sumu, mmoja mmoja. Dastan alichimba shimo refu, mbali na kisima. Wakawazika humo pamoja na Popi. Dastan alifukia shimo.

Kisha Jacqueline akaweka sikio kwenye mbao za nyuma ya banda. Alimwita Rosina kwa kidole. "Sikiliza."

Rosina alisita, kisha akaweka sikio. Alisikia vilio vyembamba, kama vya paka wachanga.

"Watoto!" alishtuka. "Ana watoto humu!"

"Ndiyo. Siku ile ulipokutana naye hakutaka kukudhuru. Alikuwa anakutisha usiwasogelee."

Rosina alikuwa amemwona kama jini. Kumbe alikuwa mama.

"Basi niwatoe hao watoto kwa mkono, nikawaache porini," Dastan alisema.

"Usithubutu. Mama yao atakuuma, na mnyamapori anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Mtu akiumwa au akikwaruzwa, aoshe kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika kumi na tano. Kisha aende hospitali akachanjwe siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni kidogo."

"Basi nizibe lile tundu."

"Ukiziba leo, watoto watakufa humo ndani na banda litanuka. Na sheria hairuhusu kuua mnyamapori hovyo. Sikieni. Huyu alikuja kwa sababu mbili tu: chakula na mahali pa kujificha. Ondoeni usipa wote. Osheni pikapu, isinuke samaki. Mchana fungueni mlango, mwanga uingie, na mwashe redio humo ndani. Msiguse matairi. Akiona hapana utulivu, atawahamisha wanawe mwenyewe."

"Akihama tutajuaje?" Rosina aliuliza.

"Nyunyizeni majivu kwenye tundu. Nyayo zitawaambia."

Walifuata kila neno. Usipa walihamishiwa kwenye pipa lenye mfuniko mzito, ndani ya stoo. Redio iliimba bandani mchana kutwa. Violet alikatazwa kusogea huko.

Alfajiri moja, Rosina alikuwa anafungua dirisha la jikoni. Akasimama ghafla. Fungo alikuwa anatoka kwenye tundu. Mdomoni amembeba mwanawe kwa ngozi ya shingo, taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Alipita kati ya miti ya kahawa, akapotea kuelekea korongoni. Baada ya muda akarudi. Akambeba wa pili. Rosina hakumwita mtu. Alishika dirisha, machozi yakamtoka bila yeye kujua.

Walisubiri siku kadhaa. Majivu yalibaki laini, bila unyayo. Hapakuwa na sauti nyuma ya matairi. Ndipo Dastan alipong'oa ule ubao uliooza, akapigilia mpya. Chini akaweka wavu wa chuma na mawe. Matairi aliyauza. Makopo ya dawa aliyafungia kwenye kabati lenye kufuli, na ufunguo akaupachika juu, mtoto asikoweza kufika.

Tangu hapo banda lilikuwa tulivu. Hakuna gunia lililochanwa tena. Rosina aliingia humo na kutoka bila woga.

Siku moja Dastan alikuwa sokoni anapima usipa. Mteja mmoja akamwinamia. "Ndugu yangu, wewe mkulima wa kahawa. Nigawie dawa kidogo nichanganye na nyama. Kuna mnyama ananimalizia kuku."

Dastan aliweka kopo la kupimia chini.

"Nyumbani una watoto?"

"Ninao wawili. Kwani vipi?"

Dastan alimsogezea mteja kigoda. "Dawa ninayo, lakini sikupi," alisema. "Kaa hapa kwanza nikuambie kilichompata mwanangu."