Sauti Aliyoijua Snefrid

Ukungu ulikuwa ndani ya kioo, si nje. Marit Brekke aliuona Jumanne asubuhi, akaupuuza, kwa sababu alikuwa na watoto ishirini na wawili wa darasa la pili waliokuwa wakisukumana ili wamwone dubu.

Miaka thelathini sasa Marit alikuwa mwalimu wa watoto katika makumbusho yale ya viumbe, pale mjini kando ya Ziwa la Superior. Dubu mweupe alisimama peke yake katika kabati la kioo, kichwa juu, kama anayesikiliza.

"Huyu ni Snefrid," Marit aliwaambia. "Aliishi kwenye bustani ya wanyama ya mji wetu, na baba yangu ndiye aliyemlisha. Nilipokuwa na umri wenu, mimi ndiye niliyekuwa nikimwita atoke pangoni: 'Njoo, mama, njoo ule!' Baadaye alizeeka, akafa usingizini, ndipo akaletwa hapa."

"Mbona anapumua?" aliuliza msichana mmoja mwenye pengo.

Wenzake walicheka. Marit akageuka. Ukungu ulikuwa umetanda mbele ya pua ya dubu, ukipungua na kuongezeka. Aliponyamaza, ulikauka. Alipofungua mdomo kuendelea na somo, ulirudi.

Alimweleza Leona Aho, fundi wa wanyama waliokaushwa.

"Labda amechoka, dada," Leona alisema. "Miaka thelathini hadithi ile ile! Hata mimi ningehema."

Lakini Jumatano, siku ambayo hakuna wageni, walipofungua kabati, Leona aliacha utani. Hewa iliyotoka ilikuwa ya vuguvugu, na ilinuka samaki na manyoya mabichi. Chini ya tumbo la dubu, mshono ulikuwa umefumuka kiasi cha shubiri moja.

"Ulikuwa mzima mwezi uliopita," Leona alinong'ona.

"Si panya?"

"Panya hukata uzi. Huyu ameuchomoa."

Akaingiza mkono. Mafundi wa zamani walikuwa na desturi yao: kabla ya kufunga mshono wa mwisho, huandika karatasi na kuificha tumboni mwa mnyama. Nani alimtengeneza, lini, baridi ilikuwaje siku hiyo, wakati mwingine matusi juu ya mkubwa wa kazi. Msomaji wake ni fundi mwingine, atakayefungua baada ya miaka mingi. Leona alizipenda sana karatasi hizo. Alitoa moja katikati ya nyasi kavu, akaanza kuisoma huku akitabasamu, kisha tabasamu likamtoka.

"Marit, kaa chini kwanza."

"Nipe."

*Machi 1938. Dubu jike, miaka kumi na moja, mwenye afya. Wakubwa walitaka manyoya ya majira ya baridi, yasiyo na tundu hata moja. Alipigwa risasi mdomoni, alipoinua kichwa kuitikia sauti ya binti wa mtunzaji. Mtoto alikuwa nyuma ya ukuta. Aliambiwa mlio ule ni wa tairi la gari lililopasuka. Kazi ya C. Lindahl, akisaidiwa na H. Brekke.*

H. Brekke alikuwa Halvor, baba yake.

"Mimi?" Marit alisema kwa sauti. "Mimi ndiye niliyemwita?"

Na nyuma yao, mle kabatini, katika kifua kisichokuwa na kitu ila nyasi na mbao, pumzi ndefu ilivutwa taratibu, kama anavyovuta pumzi mnyama anayetafuta harufu ya mtu anayemfahamu, ikaendelea kuvutwa hata nyasi zikaanza kuchakacha.

Leona alimziba mdomo. "Usiseme neno. Ngozi hii ina mwenyewe, na mwenyewe anaijua sauti yako."

Walitoka kinyumenyume.

Halvor alikuwa jikoni, katika nyumba yao ya ufukweni, akinywa kahawa kwa kubana kibonge cha sukari kati ya meno, kama alivyofanya kila saa tisa. Alikuwa na miaka themanini na moja.

"Umewahi leo, binti yangu. Wamekufukuza?"

"Baba, Snefrid alikufaje?"

"Usingizini. Si unajua."

Marit aliiweka karatasi mezani. Mzee aliitazama bila kuvaa miwani. Mwandiko aliutambua.

"Lindahl," alisema. "Siku zote mdomo wake haukufungika."

"Ulinitumia mimi."

"Dubu alinusa bunduki. Mimi nilimwita asubuhi nzima, hakutoka. Na walisema atakayewapatia dubu atapewa kazi ya kudumu. Ilikuwa miaka mibaya, Marit. Ulikuwa ukivaa viatu vya mtoto wa jirani."

"Nilirudi nyumbani nikiimba, baba. Nilidhani amekula."

Mzee aliweka kikombe mezani.

"Miaka thelathini nasimama mbele ya watoto wa watu. Na kila jioni wewe unaniuliza, 'Leo umewaambiaje kuhusu Snefrid?' Ulikuwa ukinicheka?"

"Hapana." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilipenda kukusikia. Ukisema wewe, ilikuwa kama kweli."

Ndipo harufu ya samaki ilipoingia jikoni, ingawa madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Nje, ukungu wa ziwa ulikuwa umefunika ufuko, na ndani ya ukungu kitu kizito kilikuwa kikitembea juu ya theluji ngumu, hatua moja, kisha nyingine, bila haraka, hadi kikasimama mbali kidogo, pale barafu ya Machi inapoanza kupasuka, na kutoka huko ikaja sauti nyembamba ya mtoto wa kike wa miaka minane.

"Njoo, baba! Njoo!"

Halvor alisimama bila fimbo. "Unasikia? Ni wewe."

"Si mimi. Mimi niko hapa."

Mzee alifungua mlango. Mkono wa Marit ulikuwa umbali wa shubiri tu kutoka kwenye mkono wa sweta la baba yake, na haukunyanyuka. Baadaye hakuweza kumwambia mtu yeyote kwa nini, hata Leona. Aliketi akiitazama ile karatasi, na alipozinduka na kukimbilia nje, mzee alikuwa tayari juu ya barafu.

"Baba! Rudi! Ni mimi, Marit!"

Halvor alisimama. Barafu ilikuwa ikilia chini yake. Aligeuza kichwa ufukweni, akamwona binti yake wa miaka hamsini na mitatu, amekunja karatasi ngumini, sauti imemkauka. Kisha akageukia ukungu, ambako binti yake mwingine alikuwa akimwita kwa furaha, yule ambaye hajaambiwa kitu, yule aliyeamini kuwa lilikuwa tairi.

"Nakuja, mwanangu," mzee alisema.

Akaenda kwa yule aliyekuwa bado anamwamini.