Taji Liligombaniwa, Kondoo Hawakugombaniwa

Nyumbani kwetu mama ndiye aliyetangulia kuamka. Aliwasha moto, akabandika chungu cha dengu na kipande cha mafuta ya nguruwe. Baba, Toribio, alikwenda zizini. Mimi, Casilda, nilikaa mlangoni nikisokota sufu. Kondoo wetu walilishwa pamoja na wa baba mdogo Gaspar, kama ilivyokuwa tangu enzi za babu.

Ilikuwa mwaka 1700. Mfalme wetu Carlos alikuwa mgonjwa, na hakuwa na mtoto. Kila Jumapili padri alituombesha kwa ajili yake. Sokoni watu walishikana mashati: taji litakwenda kwa Mfaransa au kwa Mwaustria?

Nasi tulikuwa na urithi wetu wa kuwaza. Ndugu zangu wa kiume walikufa wachanga wote. Nilibaki mimi peke yangu.

Siku moja tukila, baba alisema, "Casilda, utaolewa na Fermín."

Fermín ni mtoto wa baba mdogo Gaspar.

"Fermín? Baba, yule tuliyeoga naye beseni moja!"

"Basi mnajuana. Padri ataomba ruhusa kwa askofu, kwa kuwa ninyi ni ndugu. Kundi halitagawanyika. Mimi nilimwoa mama yako, binti wa mjomba wangu. Babu na bibi yako nao walikuwa watoto wa ndugu. Kuna ubaya gani?"

Nililia. Asubuhi mama alijifunga shali akaenda kumwita mama Melchora, mkunga wetu.

Mama Melchora hakuzunguka. "Toribio, nasikia unamwoza binti."

"Naam, mama. Njoo ule harusi."

"Sili. Wanao niliwapokea kwa mikono hii, na kwa mikono hii nikawavika sanda. Wajukuu zako sitaki kuwavika."

Baba alikunja uso. "Hayo ni mapenzi ya Mungu."

"Kondoo dume wako mpya umemtoa wapi?"

"Ng'ambo ya mlima. Tumebadilishana."

"Kwani wako walikuwa na nini?"

"Aa, mama nawe! Hata mtoto anajua. Dume akiwapanda binti zake, na wajukuu zake, mwishowe unapata wana-kondoo dhaifu, hata kusimama..."

Nilimwona baba anatazama chini.

Mama Melchora akaketi karibu naye. Sauti yake ikalainika. "Na watu ni hivyo hivyo, mwanangu. Mtu anaweza kuwa na udhaifu uliojificha, asiujue maisha yake yote. Akioa mbali, mara nyingi mtoto husalimika. Akioa ndugu yake, huenda wote wawili wanao udhaifu uleule, na mtoto akaupata pande zote mbili. Si kila mtoto. Lakini kila kizazi kikirudia, hatari inazidi. Nanyi mmesharudia."

"Mbona wafalme wanaoana ndugu?"

"Na mfalme wetu yukoje? Baba yake alimwoa binti wa dada yake. Na kabla yao walioana wao kwa wao, taji lisitoke nyumbani. Maskini, amekuwa mgonjwa tangu utoto, na mtoto hana. Sasa taji linatoka, tena kwa ugomvi."

Ndipo mama aliposema. "Toribio, nimechoka kuzika."

Baba alimshika mkono.

"Na kundi je?" aliuliza.

"Kundi halihitaji harusi," alisema mama Melchora. "Kaeni wewe na Gaspar, mpatane mngali hai. Semeni mbele ya watu, asije mtu kubisha baadaye."

Jumapili, baada ya misa, baba na baba mdogo walisimama mlangoni pa kanisa. Walitamka wazi: kondoo watalishwa pamoja, kila mmoja na alama yake. Akifa Toribio, wenye alama yake ni wa Casilda. Akifa Gaspar, wake ni wa Fermín. Kijiji kizima kilisikia.

Fermín aliniminya bega. "Afadhali! Ningekuoa wewe, ungenipiga kila siku."

Mwezi Novemba mfalme akafa. Vita vya taji vikaanza, vikadumu miaka mingi. Mimi niliolewa ng'ambo ya mlima na Lope, mfumaji, ambaye hatukuwa na undugu naye. Mtoto wetu wa kwanza alipolia, alilia kwa nguvu hata mama Melchora akacheka. Mama alimpakata mjukuu wake, machozi yakimtiririka. "Asante," alimwambia mkunga. "Asante sana."

Baba alifariki vita vikiendelea. Askari walikuwa wanapita mabondeni, wakichukua mifugo. Sikutegemea kuona hata kondoo mmoja.

Lakini asubuhi moja nilisikia kengele. Alikuwa Fermín, amechoka, vumbi hadi kwenye nyusi. Alipitia njia za juu, akilala kwenye mawe, ili askari wasimwone.

"Wako hawa, dada," alisema. "Baba amesema nikuletee wenye alama ya baba mkubwa, wote."

Nilimkumbatia ndugu yangu pale mlangoni, na wanangu wakakimbilia kondoo, wakipiga kelele kwa furaha.