Fomu Iliyotoboka

Apolonia alirudi kutoka bombani na debe la maji kichwani. Fomu ya kuomba chuo cha Makerere bado ilikuwa mezani. Wiki ya tatu sasa! Isipofika posta Ijumaa, mwanawe Revelian angepoteza mwaka mzima.

Kila aliyeingia nyumba ile ya Temeke alitoa shauri lake, na Revelian akaliandika kwa penseli. Baba yake alisema udaktari. Mjomba akasema kilimo. Padri akasema ualimu. Kijana akawa anafuta na kuandika upya, hata karatasi ikatoboka.

"We mwenyewe unataka nini?" Apolonia aliuliza, akitua debe.

"Sijui, Mama. Nimechoka kuulizwa."

"Na mie nimechoka kuuliza!"

Jirani yao, nesi Margareta, aliingia akiwa amesikia yote.

"Shikamoo, mama," alisema Revelian.

"Marahaba, daktari. Daktari gani wewe? Juzi nilifunga kidonda cha mtoto hapa uani, ukaanguka chini kama gunia."

Apolonia alicheka bila nguvu.

Margareta alionyesha ukutani. "Ile nani alichora?"

Ilikuwa ramani ya mabomba ya mtaa, pamoja na saa ambazo kila bomba hutoa maji. Wanawake wote wa jirani waliitegemea.

"Mimi."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Nilizunguka siku nne, hata kula nikasahau."

"Basi anzia hapo. Si lazima ujue leo kazi utakayozeeka nayo. Chagua somo unaloliweza, usilolichoka upesi. Ukisoma jiografia unaweza kufundisha, au kwenda ofisi ya ramani, au kazi nyingine ya serikali. Tena waandikie waliotangulia huko, uwaulize siku yao inakwendaje. Usiwaulize wageni waliokuja kunywa chai."

"Baba atakasirika."

"Baba yako niachie mimi," alisema Apolonia.

Kesho yake walikwenda ofisi ya elimu kuomba fomu mpya. Safari hii Revelian aliandika jiografia, kwa wino.

Baada ya miezi minane barua ilifika kutoka Kampala. Gozbert, baba yake, aliisoma kwa sauti: "Mtihani wa kwanza nimeshinda. Masomo siyakimbii. Ila nitakuwa nani, bado sijui."

Gozbert aliguna. "Mpaka leo hajui?"

"Hajui," alisema Apolonia. "Lakini hafuti tena."

Akatazama ramani ukutani, akachukua debe lake, akaenda bomba la pili.