Utitiri wa Mzee Tinus

ALHAMISI, SAA 5:00 ASUBUHI

Driekus alichora ramani kwa chaki kwenye ubavu wa ng'ombe.

Ng'ombe mwenyewe alikuwa wa karatasi na gundi, mrefu kuliko trekta, amesimamishwa juu ya tela nyuma ya ghala. Mtaa mzima ulijua anatengenezwa kwa ajili ya kanivali. Ni kweli, alikuwa wa kanivali. Ila tumbo lake lilikuwa tupu, na chini ya mkia kulikuwa na mlango.

"Jumapili, saa saba na dakika kumi na moja, maandamano yanaanza," Driekus alisema. "Saa saba na nusu kijiji kizima kipo barabara kuu, kimelewa. Gonnie anapitisha trekta uchochoro wa kanisa, anasimama nyuma ya nyumba ya Mzee Tinus. Dakika arobaini. Mashina sitini yanaingia tumboni. Tunarudi kwenye foleni. Nani atamsimamisha ng'ombe?"

"Na harufu?" aliuliza Gonnie. Huyu ndiye dereva, mwanamke mwenye mikono ya mkamuaji na mdomo usio na breki. "Bangi sitini zinanuka mpaka mjini Tilburg."

"Nimemwekea samadi halisi. Ng'ombe lazima anuke."

Gonnie alicheka mpaka akakohoa. Joris, mtu wao wa tatu, hakucheka.

"Na mzee?" aliuliza.

"Mzee anapiga ngoma kwenye bendi mpaka saa kumi. Umesema mwenyewe."

"Hataguswa, Driekus. Niliingia kwa sharti hilo."

"Hataguswa. Unataka nikuandikie barua? Lete ufunguo."

Joris aliutoa mfukoni. Hakuwa ameuiba. Mzee Tinus alimkabidhi mwenyewe, akamfumba vidole juu yake. "Uje uwaangalie wale wadudu hata nisipokuwepo, mwanangu."

Hapo ndipo ulipokuwa uchafu wa kazi hii, na Joris aliujua kuliko wenzake wote. Tinus alikuwa msimamizi wake miaka sita kwenye mabanda ya kioo ya waridi. Ndiye aliyemfundisha kuwatambua utitiri wekundu, wadudu wadogo wanaofyonza majani, kabla hawajaangamiza banda: geuza jani kwa kidole kimoja, tazama upande wa chini, tafuta vidoa vilivyopauka na utando mwembamba. Mzee alipostaafu alipanda bangi darini kwa ajili ya maumivu ya mkewe, Riet. Riet alizikwa. Mzee akaendelea kuotesha, kwa sababu mikono ilikataa kukaa bure.

Mwezi uliopita Joris alimpelekea mikate ya soseji. Mfukoni alikuwa na jani la maharage lililojaa utitiri kutoka kazini. Alipanda darini "kuisalimia mimea", akalidondosha kwenye chungu cha katikati, ili mzee awe na sababu ya kumwita. Siku tisa baadaye simu ililia.

"Joris, nina utitiri," mzee alisema. "Sijui nimekosea wapi. Viatu nabadilisha, nguo nabadilisha. Nimezeeka, mwanangu. Nimekuwa mchafu."

Joris alitamani ardhi ipasuke immeze. Hata hivyo alikwenda, kwa kuwa ndivyo mpango ulivyotaka. Alihesabu mashina, akakagua milango. Mzee alitaka kupuliza dawa. Joris akamkataza, maana maua yalishafunguka na sumu ingeishia kwenye mapafu ya mtu. Mzee alitaka kuvuna mapema. Joris akamwambia asubiri mpaka Jumanne. Yote hayo alitumwa na Driekus.

Lakini kuna moja hakutumwa. Alinunua kwa mshahara wake chupa ya utitiri wawindaji, wale wanaokula wenzao, waliochanganywa kwenye pumba. Angeweza kumpa mzee chupa ya pumba tupu, na nani angejua? Moyo ulikataa. Aliwanyunyiza mwenyewe, jani kwa jani.

"Hawa wanataka unyevu," alimwambia. "Hewa ikikauka, wanakufa. Mwagia sakafu maji kila baada ya saa mbili, taa zikiwaka. Usiruke hata mara moja."

Tinus aliandika saa zote kwenye karatasi, akaibandika kwenye mlango wa darini. Joris hakumwambia Driekus. Angemwambia nini? Kwamba anamtibia mimea mtu anayekwenda kumwibia?

JUMAPILI, SAA 7:38 MCHANA

Trekta ilizimwa nyuma ya nyumba. Wote watatu walivaa makoti ya buluu ya wakulima, leso nyekundu shingoni, na vinyago vya mpira vyenye sura ya nguruwe. Kutoka barabara kuu tarumbeta zilisikika zikitoka nje ya tuni.

Ufunguo uliingia bila kelele. Ngazi ya darini ilikuwa nyembamba na wima, kama ngazi zote za nyumba hizi. Juu, taa ziliwaka kali. Sakafu ilikuwa bado na unyevu.

"Mbona kumelowa?" Driekus aliuliza.

"Ndivyo anavyotunza," Joris alijibu.

Walikata. Driekus alishika mkasi, Joris alibeba mpaka chini, Gonnie alipakia kupitia mkia. Ishirini. Thelathini. Jasho liliwatiririka ndani ya vinyago.

SAA 7:56

"We Joris, hiki nini?" Driekus alikuwa amesimama mbele ya mlango, akisoma karatasi. "Saa nne, maji. Saa sita, maji. Saa nane, maji. Saa nane ya leo?"

Joris aliitupia karatasi jicho. "Leo hawezi kuja. Nani anaacha ngoma katikati ya kanivali?"

"Ulijua habari hii?"

Joris akainama kuokota mashina.

"Fala wewe," Driekus alisema taratibu. "Beba. Haraka."

Joris alikumbatia mashina mawili ya mwisho aliyokatiwa. Kisha, kwenye shina lililobaki karibu yake, kidole chake kikaenda chenyewe. Kiligeuza jani. Aliinama, akatazama upande wa chini.

Hakusikia mlango wa mbele ukifunguliwa. Alisikia ngoma kubwa ikiwekwa sakafuni, ikavuma kidogo, na hatua nzito zikipanda.

Mzee Tinus alitokea kwenye upenyo wa ngazi na keni ya maji mkononi, amevaa mavazi ya bendi, unyoya kwenye kofia. Aliwaona nguruwe wawili. Aliona vyungu vilivyobaki na visiki. Kisha akakiona kidole kilichoshika jani.

"Joris?" alisema.

Kidole kiliachia jani.

"Amekutaja," Driekus alisema.

"Muache. Ulisema hataguswa."

"Nilisema hatakuwepo. Wewe ndiye uliyemwita, na maji yako!"

Na la maji lilikuwa kweli. Joris aliachia mashina na kunyoosha mkono, lakini Driekus alikuwa karibu zaidi. Hakumpiga mzee. Alimsukuma tu kifuani, kwa viganja viwili, jinsi mtu anavyosukuma lango. Keni ilitangulia. Mzee akafuata.

SAA 8:03

"Twende!" Driekus aliruka juu ya mwili uliolala chini ya ngazi. "Joris! Twende!"

Joris alikuwa ameshapiga magoti pale chini. Alivua kinyago. Mguu wa mzee ulikuwa umekunjika pasipokunjika, na damu ilitoka nyuma ya sikio.

"Ukibaki hatukujui," Driekus alisema.

"Potea."

Nje, Gonnie alipiga honi, akauliza kwa sauti Joris yuko wapi, akaambiwa aendeshe. Akaendesha. Ng'ombe aliondoka na mashina thelathini na tisa tumboni, akarudi kwenye foleni. Watu wakampigia makofi.

Joris alitoa simu kuita ambulensi. Mkono wa mzee ukamshika.

"Usiwaite. Polisi wakiona darini wataifunga nyumba. Nyumba ya Riet."

"Unavuja damu, mzee."

"Usiwaite, mwanangu."

Joris alipiga. Alitaja mtaa na namba ya nyumba huku mzee akimtazama, na kila neno lilimchoma. Alipomaliza, alivua koti na kulikunja chini ya kichwa cha mzee.

"Ulikuwa unawaangalia," Tinus alisema. Pumzi yake ilikuwa fupi. "Pale juu. Vipi?"

"Safi. Wawindaji wamewamaliza. Sikuona hata mmoja mwekundu."

Mzee alitabasamu. Uso wake ukakunjuka kabisa, na ndilo jambo ambalo Joris alishindwa kulivumilia.

"Mimi ndiye niliyewaleta," alisema. "Kwenye jani la maharage. Ile siku ya mikate. Hukuwa mchafu, mzee. Hukukosea chochote. Ni mimi."

Tabasamu lilikaa kidogo usoni, halafu likaondoka. Tinus aligeuza macho, akatazama saa ya ukutani.

"Saa nane imepita," alisema. "Kamwagie."

Hakumwita mwanangu.

SAA 8:09

Joris alijaza keni, akapanda. Kwanza alibandua ile karatasi yenye mwandiko wa mzee, akaizamisha kwenye maji mpaka wino ukayeyuka, akaifinyanga na kuitia mfukoni. Kisha akamwagia sakafu, mstari kwa mstari, kama alivyofundishwa. Mashina kumi na tisa yalikuwa bado yamesimama. Chini aliwasikia wauguzi wakiingia, mzee akipiga kelele walipomnyoosha mguu. Hakuacha kumwagia. Alilia bila kujificha.

Buti zilipanda nyuma yake.

"Weka hiyo chini," alisema polisi, kijana mwenye rangi za kanivali zilizofutwa nusu usoni. Alizungusha macho darini, akapiga mluzi. "Haya yote ya nani?"

"Yangu."

"Kwenye nyumba ya yule mzee?"

"Nilimwomba nafasi ya kuweka vitu. Mguu wake mbovu, hapandi huku. Hajui lolote."

"Kapanda leo, naona."

"Amepanda leo," Joris alisema. "Kwa sababu yangu."

Polisi alimtazama, akatazama na keni. "Na unamwagia nini sasa, wakati tumeshafika?"

Joris alifikiria jinsi ya kumweleza, akaona hakuna njia. "Niache nimalizie upande ule," alisema. "Dakika moja tu."

"Mikono nyuma."

Alipeleka nyuma mikono iliyolowa. Pingu zikafungwa. Alipogeuzwa kuelekea ngazi, upande wa dirishani ulikuwa bado mkavu.