Mke wa Ledezma Hashiki Kisu

Jumamosi hiyo soko la San Juan de Dios lilifurika watu hadi pa kutema mate hapakuwapo. Casimiro Ledezma alipanda ngazi kwenda kwa wauza ngozi, tandiko la farasi la baba yake, lililofumuka mishono, limemlemea begani, jasho likimtiririka ndani ya shati jeupe alilopigiwa pasi na mama yake asubuhi. Mwanamume wa miaka thelathini na ushei, na bado anapigiwa pasi na mama! Msimcheke. Kwetu Guadalajara hilo halimshangazi mtu. Angejipigia mwenyewe, hapo ndipo majirani wangetoka nje kutazama.

"Samahani, dada," alimwambia msichana aliyejiinamia kibandani. "Namtafuta fundi Barragán."

"Umempata."

"Nasema fundi mwenyewe. Yule mzee aliyemtengenezea baba yangu hili tandiko."

"Huyo alikuwa baba yangu, Mungu amrehemu. Sasa fundi ni mimi. Hebu tua mzigo kabla haujakuvunja shingo, kaka, maana shingo mimi sishoni."

Chayo, mama muuza mikanda wa kibanda cha pili, aliangua kicheko. Casimiro alitua mzigo, na ndipo alipomwona vizuri. Suruali ya jinzi, kitambaa chekundu kichwani, hereni ndogo za dhahabu, vidole vyeusi kwa rangi ya ngozi. Na macho, mama yangu, macho ya kumfanya mtu asahau alichotumwa. Jina lake Otilia.

"Baba anapanda farasi kesho kutwa uwanjani, mbele ya watu," Casimiro alisema, akijikuna kisogo. "Akijua limeshonwa na mwanamke, hatalikalia."

"Na asipojua?"

"Atalikalia."

"Basi funga mdomo, tumwache mzee akae raha mustarehe."

Don Evaristo, baba yake Casimiro, alilikalia, akashangiliwa uwanja mzima. Jioni alilipapasa tandiko na kusema, "Huu ndio mkono wa mwanamume." Casimiro alikimbilia uani kumpigia Otilia simu. Otilia alicheka hadi akadondosha sindano.

Simu ya kwanza ilihusu tandiko. Iliyofuata ilikuwa ya kulisifia tandiko. Baada ya hapo hakuna aliyelikumbuka tena.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Mimi nashiba sauti yako."

"Utakonda, Casimiro. Halafu nikufanye nini? Nikukatie mkanda wa mtoto?"

Jumapili walitembea uwanjani karibu na kanisa kuu, yeye Otilia ndani ya gauni la buluu lenye maua yaliyotariziwa kifuani, Casimiro na buti zinazong'aa, akishika upande wa barabarani kama mwanamume aliyelelewa. Walikula mkate uliozamishwa kwenye mchuzi wa pilipili mpaka machozi yakawatoka, wakafutana. Walipendana kweli. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo waliokuja kudai eti kijana hakuwa na mapenzi. Mapenzi alikuwa nayo tele. Alichokosa kilikuwa kitu kingine.

"Nataka wazee wangu waje kukuposa," alimwambia siku moja.

"Na kibanda changu?"

"Kibanda chako ni chako. Nani atakigusa?"

"Baba yako."

"Nitamwambia. Pale pale, mbele ya wote. Haki ya Bikira Maria wa Zapopan, Otilia, nitasema."

Wakaja. Don Evaristo mbele na kofia yake pana, Doña Remedios mkewe nyuma na kikapu cha mikate mitamu, na Casimiro mwisho kabisa na chupa ya tekila. Mama yake Otilia alikuwa amesugua sakafu tangu alfajiri. Kwa desturi yetu, siku ya posa kijana hasemi. Baba ndiye anayemsemea, na kijana hukaa kofia magotini kama mtu anayesubiri daktari wa meno.

Don Evaristo alisema vizuri, tumpe haki yake. Alimsifu marehemu Barragán, akamsifu mama wa nyumba, akamsifu msichana. Kisha akaongeza, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Kile kibanda kitauzwa, bila shaka. Mke wa Ledezma hashiki kisu ila cha jikoni."

Otilia hakumtazama mzee. Alimtazama Casimiro. Mama yake naye akamtazama Casimiro. Chumba kizima kilingoja neno moja tu kutoka kwa yule kijana, hata angelisema vibaya, hata kwa kigugumizi. Casimiro aliizungusha kofia yake magotini, akaitazama ndani kana kwamba jibu limeandikwa humo.

Doña Remedios aliinama, akamshika Otilia mkono. "Utazoea, mwanangu," alinong'ona. "Mimi nilikuwa naimba kwenye maharusi. Watu walikuja kutoka Tepatitlán kunisikiliza. Mtu huzoea."

Huenda maneno yale ndiyo yaliyomaliza kila kitu. Otilia alisimama.

"Don Evaristo, asante kwa mikate. Asante kwa heshima. Lakini mimi siolewi."

Jioni Casimiro alipiga simu, akapiga tena. Hatimaye akapokelewa.

"Otilia, nielewe. Mtoto hamkatizi baba yake mbele za watu. Hata wewe unajua."

"Najua."

"Nilitaka kumwambia baadaye, tukiwa wawili."

"Uliniapia kwa Bikira, Casimiro. Hukumwapia baba yako." Akakata.

Zikapita wiki za kiangazi. Otilia alishona kwa hasira, mishono imekaza mpaka ngozi inalalamika. Siku moja Chayo alikuja na soda baridi na uso wa msiba.

"Mwanangu, bora usikie kwangu. Yule wako ana mwanamke. Yesenia, wa Tlaquepaque. Anajisifu naye mwenyewe kwenye baa, na mzee wake anawanunulia watu pombe kwa furaha. Anasema ndiye aliyekuacha wewe."

"Yeye ndiye aliyeniacha mimi?"

"Ndivyo anavyosema."

Otilia alishusha pazia la kibanda mchana kweupe, akalia kwa sauti. Alikuwa amejidanganya kwamba amemsahau. Moyo ukamsuta.

Jumapili, mama yake akiwa misani, mlango uligongwa. Casimiro alikuwa amekonda, shati limekunjamana.

"Rudi kwa Yesenia wako," Otilia alisema.

"Hayupo."

"Amekuacha? Pole sana."

"Hayupo kabisa, Otilia. Hajawahi kuwapo. Nilimtunga." Uso ulimwiva. "Binamu zangu walinicheka, eti nimekataliwa na mshona matandiko. Mwanamume aliyekataliwa anachekwa. Mwenye wanawake wawili anapongezwa. Nikasema nina mwingine. Wakaniuliza jina, nikataja la kwanza lililonijia."

"Na Tlaquepaque?"

"Ni mbali kidogo. Hakuna ambaye angekwenda kuhakikisha."

Otilia hakutaka kucheka. Kicheko kilimtoroka, kikaja na machozi yake pamoja. "Mpumbavu wee! Mpumbavu mkubwa! Umenifanya nimwonee wivu mtu asiyekuwapo."

"Nisamehe, kipenzi. Sijalala vizuri tangu siku ile. Leo hii namwambia baba. Tutaoana, na kibanda utakiendesha, na asiyetaka asije harusini."

"Leo?"

"Leo leo."

Alimkaribisha ndani, akampakulia maharage na nyama, naye akapakua chake. Walikaa ubavu kwa ubavu, hawakula sana. Casimiro aliushika ule mkono wenye vidole vyeusi, akaubusu kidole kwa kidole. Otilia alimwegemea begani na kuuacha moyo wake utulie ndani ya ile saa, akaona kumbe mtu anaweza kurudishiwa alichopoteza.

Simu ya Casimiro ikalia. Don Evaristo huzungumza kwenye simu kana kwamba anamwita fahali ng'ambo ya mto, kwa hiyo Otilia alisikia kila neno.

"Uko wapi, wewe? Farasi wanakungoja!"

Casimiro alifungua kinywa. Otilia aliuona ukweli umefika mpaka midomoni mwake, naapa aliuona. Akamkaza mkono kumpa nguvu.

"Niko... niko kwa Yesenia, baba."

Kicheko cha mzee kilijaa jikoni. "Hiyo ndiyo damu yangu! Kaa, mwanangu, kaa. Farasi watangoja."

Simu ikakatika.

"Otilia, ni neno tu limeniponyoka. Mazoea. Usiku nikifika nyumbani..."

"Nilikuwa hapa," alisema taratibu. "Casimiro, nimekaa hapa hapa. Umenishika mkono, na bado umesema uko kwa mwingine."

"Hata si mtu! Nimekwambia hayupo!"

"Ndiyo. Asiyekuwapo unaweza kumtaja kwa baba yako. Mimi niliyepo huwezi."

Otilia aliuchomoa mkono wake, polepole, kwa sababu hakuwa amechukia. Hilo ndilo lililokuwa baya zaidi.

"Nakupenda," alimwambia. "Sijui nitampenda nani tena namna hii. Nenda."

Casimiro akaenda. Mama yake Otilia, akirudi kutoka misani, alimkuta pembe ya mtaa amegeukia ukuta, kofia ameishusha mpaka puani, mabega yakimtikisika. Kwetu mwanamume akilia hugeukia ukuta, na mwenye adabu hupita bila kumsalimu. Mama akapita.

Jikoni alikuta sahani mbili.

"Ulikuwa na mgeni, mwanangu?"

Otilia alizikusanya zile sahani, akazipeleka kwenye karo, akafungulia maji.

"Hakuna mtu, mama," alisema. "Hakuja mtu."

Mama yake hakubisha. Alifunga bomba, akamgeuza kwa mabega, akamshikilia hapo jikoni huku binti yake akilia mpaka sauti ikamkauka.