Kiwanja cha Tisa Chini ya Ukuta

Kiputo cha pimamaji hakikutaka kutulia. Fundi alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya gari-nyumba lao, pimamaji limelazwa kando ya jiko, akitafuta gari likae sawa. Alisukuma kabari chini ya gurudumu la mbele, kiputo kikakimbilia nyuma. Akaweka nyingine nyuma, kikarudi mbele. Akashuka, akalilaza pimamaji juu ya ardhi yenyewe, na hapo kiputo kikasimama katikati kimya, kama mwanafunzi aliyeonywa. Aliporudi ndani kikaanza tena kutembea, polepole, kana kwamba mtu mzito anazunguka garini akikagua nyumba.

Humo ndani hamkuwa na mtu ila mumewe, naye alikuwa amekaa.

Fundi alikuwa mwanamke wa miaka sitini na moja, aliyetumia ujana wake wote kurekebisha umeme wa mabasi. Alipostaafu alinunua basi dogo lililochoka, akang'oa viti, akalitengenezea kitanda, jiko, sinki na kabati. Mumewe, ambaye kila mtu alimwita Mwalimu, alikuwa amefundisha historia kwa miaka mingi, na kila mwaka aliwachorea wanafunzi ubaoni mji huu wa kale wa pwani, kuta zake na malango yake, bila yeye mwenyewe kuwahi kuuona. Waliahidiana kwamba basi likikamilika wangeanzia hapo. Rangi ya mlango ilikuwa haijakauka kiharusi kilipompiga Mwalimu, kikachukua mkono na mguu wa kulia, na ulimi. Yalimbakia maneno matatu tu: “maji”, “hapana” na “Fundi”. Watoto wao walishauri safari ingoje. Fundi aliwajibu kwamba magonjwa hayajawahi kumngoja mtu, kwa nini mtu ayangoje magonjwa.

Kuchagua kambi kuliwachukua juma zima. Ya kwanza ilikuwa kando ya barabara kuu, na malori yalinguruma hapo kutwa kucha. Ya pili ilikuwa kilimani, ina upepo na unaona bandari yote, lakini kushuka mjini ni ngazi zaidi ya mia, na kwa mtu wa fimbo hayo yalikuwa matusi. Ya tatu ilikuwa chini kabisa ya ukuta wa mji, ardhi tambarare, lango liko karibu. Fundi alimpangia mumewe picha tatu mezani, naye akaweka kidole juu ya ya tatu, akakikandamiza mpaka kucha ikawa nyeupe. Msimamizi wa kambi alisema kwenye simu kwamba wamejaa. Kisha akasita, akasema kipo kiwanja cha tisa, kama wao si watu wa kuchagua sana. Fundi alimuuliza kuchagua nini. Akasema mtandao huko unakatikakatika.

Sasa, akiwa na kabari mkononi, Fundi alitazama majirani. Gari la kiwanja cha nane na la kiwanja cha kumi yote yalikuwa yamewapa kisogo. Yamegeuzwa kwa makusudi, milango upande wa pili, ingawa upande ule ndio uliokuwa na jua kali.

Jioni ile alikuwa akikatakata vitunguu aliposikia kitu kikikwaruza chini ya sakafu, kama ukucha mmoja, kutoka mlangoni hadi kitandani. Maji ya bomba yakaanza kunuka chokaa mbichi na nywele zilizoungua. Akafunga bomba. Na nyuma yake sauti ya mumewe, nzima, nzito, ile ya darasani, ikasema:

“Ukuta huu ulijengwa mara mbili, mpenzi. Mara ya kwanza ulikataa kusimama.”

Kisu kilimtoka mkononi. Mwalimu alikuwa amekaa palepale akimtazama, na maneno yalikuwa yakimtoka kama maji ya mfereji uliozibuliwa, akisimulia wajenzi na mawe na miaka ya vita, na Fundi akalia, akacheka, akamshika uso kwa viganja vinavyonuka vitunguu.

“Endelea,” alimwambia. “Usininyamazie tena.”

Sauti ikaendelea mpaka giza likaingia, na Fundi hakukumbuka hata kuwasha taa.

Kesho yake asubuhi Mwalimu hakusema kitu. Alikunywa chai, akaomba maji, basi. Lakini mchana jua lilipogeuka sauti ilirudi, na safari hii Fundi alitazama vizuri. Macho ya mumewe hayakupepesa. Midomo ilikuwa nyuma ya maneno, kama mtu anayeimba wimbo asioujua. Mkono wake wa kushoto, ule mzima, ulikuwa umeng'ang'ania ukingo wa meza kama mtu anayening'inia juu ya shimo, na sauti ilikuwa ikisimulia kwa raha, kwa kulamba midomo, ni jiwe gani la ukuta lina mtu chini yake, na mtu huyo alilia siku ngapi, na aliita nani, na kwamba chini ya kiwanja hiki hiki bado ipo nafasi ya wawili, mpenzi, wawili waliopendana, na kila iliposema mpenzi Fundi alihisi baridi ikimpanda mgongoni mfupa kwa mfupa, kwa sababu katika miaka thelathini na sita, hata siku ya harusi, mumewe hakuwahi kumwita kwa jina hilo.

“Niite unavyoniita siku zote,” alisema kwa sauti ya chini.

Kitu kile kikacheka. Na kicheko hakikutoka kinywani mwa Mwalimu, kilitoka chini ya sinki.

Fundi alikwenda kwenye usukani akazungusha ufunguo. Gari halikukohoa hata kidogo. Alipima betri, nayo ilikuwa imejaa. Miaka arobaini ya kazi ilimwambia kwamba gari lile halikuwa na hitilafu.

Kwenye banda la kufulia kulikuwa na mwanamke wa makamo aliyefua mashuka ya kambi. Wafanyakazi wenzake walimwita Dada Sabuni, na walisema kwamba mama yake alikuwa mganga, na yeye pia, watu wakimwomba. Fundi alimweleza yote bila kuficha. Dada Sabuni alimsikiliza huku akikunja shuka.

“Yule hakumjia mumeo, mama,” alisema mwishowe. “Amekujia wewe. Kwa mumeo amepata kiti tu. Ulimkaribisha?”

“Nilimwambia aendelee.”

“Basi ni wewe wa kumkataza. Mimi nitakaa mlangoni na dua zangu, lakini zangu peke yake hazitoshi. Na ujue, akitoka atatoka na alichokuletea. Mzee atabaki na maneno yake yale matatu, labda mpaka kaburini. Ukisitasita atajua.”

Walirudi pamoja, jua likielekea kuzama. Dada Sabuni aliketi kwenye ngazi ya mlango, akafumba macho, akaanza kusoma dua taratibu. Fundi aliingia, akavuta kigoda, akakaa ana kwa ana na mumewe.

“Umeleta dobi anifukuze?” sauti ilisema kwa upole. “Fikiri, mpenzi. Mimi nikiondoka utaishi na bubu. Utakula naye kimya, utalala naye kimya, mpaka mmoja amzike mwenzake. Nani mwingine atakusemesha?”

Fundi alihisi maneno yale yakimchoma pale hasa palipokuwa na kidonda. Hakukana. Alimshika mumewe ule mkono uliong'ang'ania meza.

“Mwaka mzima nimekaa naye kimya, na sikuwa peke yangu hata siku moja,” alisema. “Jana umeniongelesha jioni nzima, na ndiyo siku niliyokuwa peke yangu. Nilikukaribisha kwa kinywa changu, kwa kinywa changu nakukataa. Chukua ulicholeta. Toka.”

Makabati yalifunguka yote kwa pamoja, sahani zikamwagika, gari likayumba mpaka Fundi akadhani linabinuka, na harufu ya nywele zilizoungua ikajaa mpaka hawakuweza kuvuta pumzi, na sauti ikaacha upole ikawa inaguna kwa lugha ambayo hakuna kati yao aliyeijua, huku Dada Sabuni mlangoni akipandisha dua na Fundi akirudia neno moja tu, toka, toka, toka, mpaka likakosa maana, mpaka vidole vya mumewe vikaachia meza, vikamshika yeye.

“Ha... pana,” alisema Mwalimu. Lilikuwa limepindapinda, nusu yake mate. Lilikuwa lake.

Gari likatulia. Harufu ikatoka kupitia mlangoni kama mtu aliyekasirika, na Dada Sabuni akainamisha kichwa ipite. Fundi alizungusha ufunguo, injini ikaitika mara ya kwanza, wakahamia nyuma ya banda la kufulia.

Asubuhi walikwenda mjini. Umbali wa hatua mia mbili na kumi za Fundi uliwachukua karibu nusu saa. Langoni Mwalimu aliegemeza fimbo, akaweka kiganja juu ya jiwe, akasimama hivyo muda mrefu machozi yakimshuka, na Fundi hakumuuliza kitu, wala hakusikia haja ya kuuliza.

Waliporudi, gari-nyumba jeupe lilikuwa limesimama mlangoni mwa kambi. Baba, mama na binti wawili wadogo. Msimamizi alikuwa akiwaelekeza kiwanja cha tisa. Fundi alimvuta kando akamwambia yaliyotokea. Msimamizi aliangalia viatu vyake, akasema watu wana maneno mengi, na isitoshe huu ni msimu, kambi haiwezi kuacha kiwanja wazi.

Fundi hakubishana. Alichukua viti viwili vya kukunja na chupa ya chai, akaviweka katikati ya kiwanja cha tisa. Mwalimu akaja na fimbo yake, akaketi. Msimamizi alitishia kuita askari. Fundi alimwambia awaite, chai ipo, na wao hawana haraka, ni wastaafu. Gari jeupe lilipiga honi mara mbili. Dada Sabuni alitoka bandani, akasimama nyuma ya viti viwili, mikono kiunoni. Kisha mlango wa gari la nane ukafunguka, na wenyewe wakatoka kutazama, na wa kumi pia.

Mwishowe msimamizi aligeuka, akaenda ofisini kutafuta mnyororo wa kukifunga kiwanja.

Wakati wakimngoja, miguu ya kiti cha Mwalimu ilianza kuzama. Ardhi pale ilikuwa kavu, ngumu kama saruji, lakini kiti kilishuka upana wa kidole, kisha kidole kingine, kama kinachovutwa kutoka chini. Fundi aliona, akataka kumwinua. Mwalimu alitazama ardhi, akakaza fimbo yake, akakaa vizuri zaidi, kisha akamnyooshea mkewe kikombe amwongezee chai.